Mpira Mweusi Mbele ya Mzinga

Asubuhi moja naikumbuka, mwanangu, mpaka harufu yake: grisi, rangi mbichi na chumvi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, baharia wa meli ya kivita, nimesimama sitahani na kofia ya chuma iliyonizidi kichwa. Wewe kesho kutwa unakwenda mafunzoni kuwa baharia kama nilivyokuwa mimi, na mamako kanituma nikupe nasaha. Nasaha za kupanga sina. Nina kisa kimoja tu, nacho hakinipambi. Kaa vizuri, na hiyo simu itie mfukoni, haitakimbia.

Meli yetu ilikuwa na mzinga mmoja mbele, wa milimita sabini na sita. Usidhani ni mzinga mkubwa. Ni wa kadiri, meli nyingi za dunia zinao, nao wasifika kwa kasi. Kwa nje waona kibanda cha duara na mtutu mmoja mwembamba, na ndani ya kibanda hamna mtu. Watu wako chini ya sitaha, wanapanga makombora kwenye gurudumu kubwa, na mzinga wajilisha wenyewe. Ukianza, huachia zaidi ya kombora moja kwa kila sekunde. Sisi ndio tuliokuwa wapangaji. Kombora moja lina uzito wa mtoto aliyeanza kutembea, na tulifundishwa kulibeba hivyo hivyo, mkono mmoja chini, mwingine mgongoni.

Niliupenda mzinga ule, sikufichi. Kila asubuhi baada ya chai nikiupangusa chumvi na kuutia grisi, maana bahari haina huruma na chuma. Ukijisahau siku mbili, kutu imeshaingia. Miezi minane nilifanya kazi hiyo na sikuwahi kuusikia ukilia hata mara moja, kwa kuwa kulikuwa na kipuri kilichosubiriwa. Wenzangu wa zamani wakinisimulia jinsi sitaha inavyotetemeka, nami nikimeza mate.

Tena nilikuwa na ugonjwa mwingine. Wenzangu wa bara walikuwa wakiwatania watu wa visiwani, eti twajua nazi na kamba basi. Badala ya kucheka nao, nikadanganya kuwa mimi ni mtu wa Mombasa. Mimi huyu, mzaliwa wa hapa Kizingitini, baba yangu mzamiaji wa kamba, wale wa mawe wenye ndevu ndefu! Mwacha asili ni mtumwa, na mimi nilijifunga mnyororo kwa mikono yangu.

Mkuu wetu wa mzinga alikuwa Bwana Shee, mtu wa Lamu mjini, mfupi, mpole, asiyeacha Kiamu chake hata mbele ya wakubwa. Uongo wangu aliujua tangu siku ya kwanza, lakini alinistahi, akanyamaza.

Basi kipuri kikaja. Tukatoka bahari kuu, nje ya visiwa vyetu, msimu wa kaskazi, maji safi. Vijiji vilikuwa vimeshapewa habari kwamba siku hiyo kutapigwa shabaha, mtu asitoke upande ule. Wageni wakubwa walikuwa melini. Mimi sikuwekwa chini kwenye makombora. Niliwekwa upande wa kulia na darubini, nitazame kama bahari ni tupu. Kazi yangu ilikuwa neno moja tu: kweupe.

Nikaona kitu. Mbali, karibu na boya la shabaha, doa jeusi likipanda na kushuka. Mwingine angesema takataka. Mimi nilijua. Ulikuwa mpira wa ndani wa gurudumu la lori, ule ambao wazamiaji wetu huufunga wavu katikati wakatia kamba wao. Mpira kama huo ulikaa nyuma ya mlango wetu utoto wangu wote. Na mpira huo hauendi baharini peke yake. Ukiuona, basi hapo karibu yuko mtu.

Moyo ukaniambia sema. Nafsi ikaniambia, ukisema, zoezi litaahirishwa, na mzinga utanyamaza miezi mingine minane. Tena utaulizwa umejuaje, na hapo mtu wa Mombasa atageuka mtoto wa mzamiaji mbele ya wageni. Nikajipa moyo kwamba labda mpira ulikatika ugwe, ukachukuliwa na maji. Nafsi ikitaka jambo haikosi fatwa, mwanangu. Nikautazama tena. Nikautazama mara ya tatu. Kisha nikasema kwenye simu niliyovaa shingoni, "Kulia, kweupe."

Chini ya miguu yangu nikasikia gurudumu la makombora likizunguka. Mtutu ukageuka, ukatulia.

Bwana Shee alikuwa hatua tatu nyuma yangu. Akaniuliza polepole, kama mtu aulizaye kahawa imeiva.

"Mato yako yameona nni?"

"Macho yangu hayajaona kitu, Bwana Shee."

"Mtu haangalii mara tatu mahali pasipo kitu."

Nikaishusha darubini, nikamgeukia. Uso wangu ukamtosha. Akainyakua simu shingoni mwangu akasema, "Simamisha mzinga. Kuna mtu majini." Alisema hivyo kabla hajaigusa darubini. Alijitia kwenye aibu mbele ya meli nzima kwa kuusoma uso wangu tu, na lau ule mpira ungekuwa mtupu, angechekwa mpaka anastaafu.

Ikashushwa boti ndogo, nami nikaamriwa niende nayo. Tukamkuta kijana wa rika langu, mtu wa Faza, ameukumbatia mpira, midomo imepasuka, macho mekundu. Yeye na wenzake walikuwa dago, kambi ya wavuvi ya mbali, habari ya shabaha haikuwafikia. Mkondo ulimchukua tangu jana yake alasiri. Tukampa maji, akanywa kidogo kidogo, kisha akasema, "Meli niliiona tangu asubuhi. Nikasema, alhamdulillahi, nimeonekana."

Alikuwa amesema kweli. Alikuwa ameonekana. Nililia pale pale kwenye boti, naye akadhani namlilia kwa huruma, akanishika bega akinituliza. Mtu aliyekesha baharini ndiye aliyenituliza mimi.

Bwana Shee hakunishtaki. Alasiri alinipeleka chini, akaniamuru nitoe makombora kwenye gurudumu, moja moja, kwa mikono. Nilipomaliza akasema, "Mzinga huu hauna mato. Huuma pale ulipoambiwa ni peupe. Mato yake ni wewe, nawe umeona, ukaona haya ya kwenu. Kesho waambie wenzio wewe ni mtoto wa nani." Nikawaambia. Walinicheka siku moja, wakasahau. Hayo ndiyo niliyokuwa tayari kumuulia mtu.

Sasa sikia, mwanangu. Huko uendako utapewa vyombo vyenye kasi kuliko mzinga wetu, na vyenye macho ya umeme. Visikuhadae. Chombo kikizidi kasi, ndivyo neno la mwanadamu linavyozidi uzito, maana baada ya neno lake hapana nafasi ya kujirudi. Ulichokiona, kiseme, ijapokuwa kitawaudhi wakubwa na kuiharibu siku uliyoingoja. Usichokijua, uliza, kuuliza si ujinga. Na kwenu usikukane. Mimi elimu niliyokuwa nayo peke yangu katika meli ile nzima ilitoka nyuma ya mlango wa baba yangu, nami nikaifanya fedheha.

Lipo jingine, na hili mamako halijui. Yule mzamiaji yu hai huko Faza, mzee kama mimi. Kila Idi huniletea kamba, na huwaambia wajukuu wake, "Huyu ndiye aliyeniona." Miaka yote hii nala kamba wale, nanyamaza. Leo nakuhimiza wewe useme, na najisikia ulimi wangu mwenyewe ukinisuta. Kwa hiyo kesho asubuhi utanipeleka Faza kwa pikipiki yako, polepole, mgongo wangu si wa chuma. Nitamwambia ni neno gani nililolisema kwenye simu ile. Akinisamehe, alhamdulillahi. Asiponisamehe, ni haki yake. Wewe kaa karibu nami tu, kwa kuwa naogopa.

Mola akupe macho yaonayo na ulimi usiojificha. Akukutanishe na watu mfano wa Bwana Shee, Mungu amrehemu, na akurejeshe kwa mamako salama, hali huna mtu wa kumwendea uzeeni kumwomba radhi. Amin.