Kobe Si Kasa

Sabiha binti Mahfoudh alirudi nyumbani kwa baba yake, mtaa wa Dunda, Bagamoyo, na cherehani, masanduku mawili ya nguo na talaka. Hakuwa hata ametimiza miaka thelathini. Kaka yake, Qais, alimpa chumba cha uani, kilichokuwa stoo ya mchele baba yao alipokuwa bado anafanya biashara, akamwambia, "Kaa, hapa ni kwenu." Sabiha akakaa. Akamuuguza mama mpaka akamzika, kisha akamuuguza baba mpaka naye akazikwa. Akawalea watoto wa Qais mmoja baada ya mwingine, huku mke wa Qais, Adila, akishinda dukani na mumewe kuuza saruji na mabati. Katikati ya yote hayo alishona mabuibui, na wateja walimfuata hata kutoka Mlingotini, kwa kuwa mshono wake ulikuwa haufumuki.

Miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akipaza sauti. Kila kitu cha nyumba ile kilikuwa cha Qais: kisima cha Qais, mkomamanga wa Qais, na hata kile chumba cha uani watu walisema Qais kampa dada yake. Sabiha aliyasikia, akayameza.

Kobe tu ndio waliokuwa wake, tena kwa sababu hakuna mwingine aliyewataka. Baba yao alikuwa na kobe wawili, dume na jike, waliokuwa wakizunguka ua tangu Sabiha hajaanza shule. Aliwapa maganda ya tikiti, akawamwagia maji kwenye sinia bovu, basi. Jike alikuwa akitaga, lakini siafu na paka ndio waliofaidi. Mwaka huo, masika yalipokuwa yanakatika, Sabiha alikuwa anafagia chini ya mkomamanga akaona udongo unatikisika. Kikatokea kichwa, kikatokea mguu, na kabla ya adhuhuri alikuwa na vikobe watano kwenye kanga yake, kila mmoja amezidi ndimu kidogo tu.

Watu wa bara hucheka wakimsikia mtu wa Bagamoyo analalamika baridi. Lakini kipupwe kilikuwa kimeingia, na sakafu ya saruji wakati wa alfajiri huwa ya baridi kama tumbo la samaki. Sabiha aliwalaza vikobe kwenye beseni chumbani kwake, na asubuhi akawakuta wamefumba macho, wazito, hawashtuki hata ukiwagusa. Aliogopa. Akachukua taa ya cherehani, yenye balbu ya zamani inayotoa joto, akaining'iniza juu ya beseni, akatoka kumpelekea mteja buibui lake. Aliporudi, mmoja alikuwa ameachama mdomo pembeni, anahema. Almanusura awaoke kama mkate.

Hapo akajua kwamba hili si jambo la kufanya huku unawaza mengine. Akatoa droo pana ya kabati la mama yake, akaijaza udongo na majani makavu. Taa akaiweka upande mmoja tu, juu, ili anayetaka joto aende na anayelichoka aondoke. Upande wa pili akawawekea gae la chungu wajifiche. Kila asubuhi aliwaogesha kwenye kisahani cha maji ya uvuguvugu yasiyofika shingoni, na wao wakiinamisha vichwa kunywa. Aliwakatia mchicha na maua ya mlangilangi. Mchicha wakala, mlangilangi wakaukanyaga. Akampigia simu bwana mifugo mmoja wa Lugoba.

"Mama, mimi namjua ng'ombe," yule bwana alimwambia. "Kobe simjui. Ila kiumbe chenye gamba bila shaka kitataka chokaa na jua."

Ndipo Sabiha alipoukumbuka ule mfupa mweupe, mwepesi, wa dome, jamii ya ngisi, unaotupwa na maji ufukweni. Akawa anaukwangua kwa kisu juu ya mchicha wao, na jua likipanda kidogo anawatoa uani, amewasimamia. Magamba yakaanza kukaza. Mmoja akawa anamjua: akisikia cherehani imenyamaza, anapanda ukingo wa droo. Sabiha alikuwa na miaka arobaini na sita, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho kiumbe chochote kilifurahi yeye kuacha kazi.

Siku moja alikwenda Mlingotini kupeleka buibui la bi harusi na kuokota mifupa ya dome. Aliporudi, droo ilikuwa na vikobe wawili.

Akageuza gae. Akachambua majani yote. Akatazama chini ya kitanda, nyuma ya masanduku. Kisha akaenda jikoni, alikokuwa Adila anachagua mchele.

"Wifi, vikobe wangu wako wapi?"

Adila hakuinua macho. "Muulize kaka yako."

Qais alipopokea simu alikuwa dukani, na sauti za wateja zilisikika nyuma yake. "Ah, wale. Nimempa rafiki yangu watatu, zawadi. Amefungua mahali pake, nikaona nisiende mikono mitupu. Si nimekuachia wawili?"

"Umewachukua chumbani kwangu?"

"Sabiha, ni kobe tu. Watapatikana wengine."

"Utawataga wewe?"

Qais akacheka, akijua wateja wanamsikia. "Nyumba yangu, dada yangu. Tutaongea jioni."

Jioni hakusema ni rafiki gani wala yuko wapi. Alikula, akanawa, akawasha televisheni. Sabiha alisimama mlangoni akimtazama, na kwa mara ya kwanza maneno ya kaka yake hakuyameza.

Kesho yake hakupika. Hakufua, hakufagia mbele ya mlango wa mtu, na Ijumaa ilipofika, kanzu ya Qais ilikuwa palepale kwenye kamba, imekunjamana kama jani la tumbaku. Qais alipiga kelele nyumba nzima. Sabiha alikuwa chumbani kwake anashona, na kila kelele zilipozidi alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Qais akaenda msikitini na shati.

Adila ndiye aliyeshindwa kwanza. Alikuja mlangoni, mkono umeshika kitasa.

"Wako Zinga. Kwa Abdulrazak, kwenye ile nyumba ya wageni mpya. Anajenga nyingine, kaka yako anataka amuuzie saruji. Lakini tafadhali, usiseme nimekwambia mimi."

"Nitasema," alisema Sabiha, akavaa buibui lake.

Alichukua bodaboda mpaka Zinga. Mlango wa nyumba ile ya wageni ulikuwa wa kioo, na alipousukuma, baridi ya kiyoyozi ilimpiga usoni. Nyuma ya meza ya mapokezi alikaa binti mmoja amejifunga mtandio mabegani.

"Shikamoo mama. Karibu."

"Marahaba." Lakini Sabiha alikuwa ameshawaona. Kando ya meza palikuwa na tangi la samaki lenye kokoto za buluu, na ndani ya tangi, maji. Vikobe wawili walikuwa wamepandiana juu ya jiwe dogo kuliko kiganja. Wa tatu alikuwa majini, anapiga miguu, pua yake inatoa mapovu.

"Nani kawatia humu?"

Yule binti, aliyeandikwa Lulu kifuani, alisimama. "Bosi amesema ni kasa, mama. Mimi nilimwambia naona kama wanachoka..."

Sabiha alikunja mikono ya buibui, akaingiza mkono tangini mpaka kwenye kiwiko, akamtoa wa kwanza. Maji yakamwagika mezani, yakafika kwenye simu ya Lulu. Wageni wawili waliokuwa wanasubiri ufunguo wakarudi nyuma. Abdulrazak akatoka ofisini kwake, mtu mnene wa haiba, tasbihi mkononi.

"Dada! Dada, vipi? Hii ni zawadi niliyopewa!"

"Umepewa na asiye mwenyewe."

"Nimepewa na Qais wa Dunda, rafiki yangu."

"Na mimi ni Sabiha wa Dunda, niliyewaokota udongoni! Kobe si kasa, Bwana Abdulrazak! Kasa ni wa baharini, kobe ni wa nchi kavu. Umewatia majini, kwenye baridi ambayo binti wa watu hapa kajifunga mtandio, na wao hawana hata nguo!"

"Mbona wanaogelea vizuri?"

"Hawaogelei," alisema Sabiha. "Wanatapatapa."

Sauti yake ilijaa chumba kile chote, na ilimshangaza hata mwenyewe. Abdulrazak aliutazama mkono wa Sabiha unaodondosha maji, akatazama wageni wake. Akashusha sauti. "Dada yangu, mimi sikujua."

"Hukuuliza."

Aliwafunga watatu kwenye kanga yake kavu, akawaweka ndani ya buibui, kifuani penye joto, akatoka. Hakuna aliyemzuia. Lulu alimfungulia mlango.

Wawili walifungua macho baada ya muda chini ya taa. Yule wa mapovu hakufungua. Kila alipovuta pumzi ilisikika mlio mdogo, kama filimbi iliyoziba. Sabiha alimpeleka kwenye joto, akamfuta pua kwa pamba, akamwogesha maji ya uvuguvugu. Umeme ukakatika. Akachemsha maji kwa mkaa, akayatia kwenye chupa za plastiki, akazifunga vitambaa na kuzipanga kwenye droo kama kuta, na kila zilipopoa akachemsha mengine. Yule wa mapovu akaishi siku nyingine mbili hivi. Kisha asubuhi moja Sabiha akamnyanyua, akaona shingo haijirudishi.

Alikuwa amesimama naye uani, kiganjani, Qais alipotoka akifunga saa yake.

"Umenitia aibu," Qais alisema. "Mtu wa watu, mbele ya wageni wake! Unajua amenijibu nini kuhusu ile saruji?"

Sabiha alimtazama. 

"Baba alipokufa," alisema, "tulilia, tukasoma hitma, tukala pilau. Mirathi hatukugawa. Nataka igawiwe."

"Nini?"

"Mirathi ya baba. Nyumba hii. Nataka fungu langu."

"Kwa sababu ya kobe?" Qais alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Sabiha, unataka kuivunja nyumba ya baba kwa sababu ya kobe?"

"Kwa sababu ya kobe. Uliingia chumbani kwangu ukachukua, hukubisha hodi. Ulipoulizwa ukacheka. Nimewaosha baba na mama kwa mikono hii, nimewaosha wanao wote mavi yao, na wewe huku unasema nyumba yangu, nyumba yangu. Nilikuwa nakuachia useme. Leo sikuachii."

Qais alimwita mwendawazimu. Alisema atamfukuza, kisha akakumbuka kwamba hilo ndilo linalobishaniwa, kama nyumba ni yake kumfukuza mtu, akaingia ndani. Sabiha alimzika yule mdogo chini ya mkomamanga, akanawa mikono, akaenda kwa sheikh.

Haikuwa kazi rahisi. Walikuja wajomba kutoka Unguja na binamu kutoka Dar es Salaam. Wote walianza kwa kumwambia Sabiha avute subira, asifarakane na ndugu yake, ajue kwamba kaka ni baba. Alikaa mbele yao akingoja wamalize. Kisha aliwauliza kitabu cha Mungu kinampa binti kiasi gani penye mtoto wa kiume mmoja. Jibu walilijua: fungu moja kwa mawili ya kaka yake. Alipata theluthi yake: vyumba vya uani, na kipande cha ua chenye mkomamanga. Qais alijenga ukuta katikati kwa matofali ya dukani kwake, mrefu kuliko ulivyohitajika, na kwa muda mrefu hakupita upande ule wa mtaa.

Vikobe wanne walivuka kipupwe. Joto lilipoanza, Sabiha aliizima taa, akairudisha kwenye cherehani, na droo akaiacha wazi mlangoni, watoke na kuingia wapendavyo. Adila huleta maganda ya tikiti maji kwa mlango wa nyuma, na Sabiha huyapokea, humkaribisha kahawa. Qais akimsalimia njiani, huitikia salamu kwa ukamilifu wake, na haongezi neno.

Shangazi yao, Bi Mayasa, alikuja kujaribu kuwapatanisha. "Mwanangu, hasira gani hizi zisizokwisha? Kwa mdudu mmoja?"

"Si mdudu, shangazi. Na nimekaa miaka yote bila hasira, mkaona ndiyo tabia yangu. Niacheni na hizi kidogo."

Bi Mayasa alimaliza kahawa yake, akaaga. Sabiha alirudi kwenye cherehani, akatunga uzi. Upande wa pili wa ukuta Qais alikuwa anakohoa, kile kikohozi chake cha tangu utotoni kinachomjia vumbi likizidi. Alimsikia vizuri. Hakumpa pole.