Mteremko wa Kwenda Makambako

Magari nilijifunza kwa kufungua na kuharibu, sijakaa darasa lolote la ufundi. Hata hivyo dada yangu alipotaka kununua gari, nilimwambia haendi kwa dalali bila mimi. Huyu dada ndiye aliyenilea. Mama alipofariki tulibaki wawili, na mtu akimchezea dada yangu mimi sina subira, tunaumana hapohapo.

Anauza vitambaa Makambako, anaishi Njombe. Kila siku kwenda na kurudi. Kwa hiyo kila gari alikuwa anaiuliza swali moja tu: inakulaje mafuta? Rangi haangalii, matairi haangalii.

Dalali akatuletea kigari cheupe, kidogo, akamsalimia dada kwa Kibena. "Kamwene, dada yangu! Hii hainywi, inanusa tu." Akasema tusibishane kwa maneno: tujaze tenki hapa Njombe, twende Makambako, tujaze tena, tuone imekula kiasi gani.

"Na kurudi?" nikamuuliza. "Kwenda unashuka. Milima iko kwenye kurudi."

"Dogo, umewahi kumiliki hata pikipiki?"

Dada akacheka. Nikajizuia kwa ajili yake, lakini nilikuwa nachemka.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umekaa mpaka kwenye lami, miti ya pembeni unaona mashina tu. Dalali anaendesha, dada mbele, mimi nyuma nimeinama katikati ya viti vyao. Tukaanza mteremko mrefu. Mara kimya. Unasikia matairi na upepo, basi. Nikatazama dashibodi, taa nyekundu zimewaka.

"Umezima gari?"

"Naipumzisha. Mteremko ni wa Mungu, dogo, haulipiwi."

"Kumbe inawezekana!" dada akasema, tena kwa furaha, kama mtu aliyepunguziwa bei.

"Washa! Injini ikizimwa, breki utakanyaga mara mbili, tatu, halafu inakuwa ngumu. Washa, nakwambia!"

"Dada, huyu mdogo wako anaongea kuliko redio."

Lori likatokea kwenye ukungu. Limebeba nguzo za umeme, zimetokeza nyuma, ncha moja imefungwa kitambaa chekundu, na linatambaa. Dalali akakanyaga breki, gari ikapungua kidogo. Akakanyaga tena. Mara ya tatu nikaona mguu hauendi, kama anakanyaga jiwe. Zile nguzo zilikuwa zinakuja usawa wa kioo, upande wa dada.

Dada alinyoosha mkono, na hakuunyoosha mbele kujikinga. Aliupeleka nyuma, akanisukuma kifuani nirudi kwenye kiti. Nguzo zinamjia yeye, ananisukuma mimi.

Nikauvuta mkono wake pembeni, nikakamata handibreki, nikaivuta kwa nguvu zote. Gari ikayumba, mkia ukaenda kwenye majani, ikasimama. Lori likaendelea kutambaa, kitambaa chekundu kikamezwa na ukungu. Dereva wake mpaka leo hajui.

Makambako tukajaza. Kweli, yakaingia mafuta kidogo. Dalali mdomo bado mzima: "Si mmeona? Imenusa!"

Nilimkamata ukosi. Dada akatuachanisha, akasimama akiangalia pampu. Halafu akasema polepole, "Lakini kweli imekula kidogo."

Hapo ndipo nilipoogopa sawasawa. Nguzo tulishaziacha njiani. Hili neno tunarudi nalo nyumbani.

Kurudi niliendesha mimi, injini inawaka mwanzo mpaka mwisho, dalali nyuma. Tulipojaza Njombe, pampu iliendelea kuzunguka mpaka dada akakunja uso. "Sasa hii ndiyo hesabu yake," nikamwambia. Akanunua hivyohivyo, maana zile nyingine zilikuwa zinakula zaidi.

Siku ya kwanza anaendesha mwenyewe, nilikaa naye mbele. Tulipofika juu ya mteremko uleule, mkono wake ukaacha usukani, ukaenda kwenye ufunguo. Nikaudaka.

"Natafuta hita, mjinga wewe! Baridi!"

Hita iko upande mwingine kabisa. Ile dashibodi naijua.

"Dada, iache ile. Mafuta nitakusaidia kununua, nitabeba hata magunia sokoni. Usizime. Mimi nina nani mwingine?"

Akarudisha mkono kwenye usukani, tukashuka injini ikiunguruma, nami bado nimemshika kiwiko.

Siwezi kwenda naye kila siku. Ukungu ukishuka, nakaa na simu mpaka apige kwamba amefika. Namuuliza imekula mafuta kiasi gani. Akisema imekula kidogo, nauona ule mkono kwenye ufunguo. Akilalamika kwamba imekula sana, ndipo napumua.