Filme ya Kimbunga na Paa la Mama

Nilimpeleka mama kwenye sine, kutazama filme, kwa nia moja tu: kumtia hofu. Nyumba yake iko kijijini, kwenye njia ya Nyangwe, na mchwa walikuwa wameshakula miti ya paa. Ukiigonga kwa kijiti, unga unamwagika. Huku kwetu mvua za kwanza hutanguliwa na upepo, na kila mwaka upepo huo huondoka na paa la mtu. Mwaka mzima nilikuwa namwomba ahamie kwangu Kasongo, angalau mpaka fundi abadilishe ile miti. Mwaka mzima alinijibu kwamba nyumba aliijenga na baba, baba amezikwa pale nyuma, sasa amwachie nani? Nikipandisha sauti, anachukua jembe anakwenda kupalilia mihogo.

Mimi ni fundi cherehani na hasira zangu ziko karibu. Niliposikia kwamba chumba cha sine karibu na soko kitaonyesha filme ya zamani ya kimbunga, nikasema, hapo hapo. Jumapili, baada ya misa, nilimkalisha kwenye benchi la mbele kabisa.

Ilikuwa filme iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni, Waamerika wakisemeshwa Kifaransa, midomo yao ikimaliza kabla ya maneno. Kila baada ya muda picha ilizimika ikawa nyeusi tii, pale ambapo zamani yaliwekwa matangazo ya biashara. Sisi hatukujua hilo. Kila ilipozimika tulimpigia kelele mwenye jenereta, naye akaapa kwa Mungu kwamba jenereta yake ni nzima. Kisa chenyewe kilieleweka: mtaalamu wa hali ya hewa anawaambia watu wa mji wahame, mkubwa wa mji hataki, kimbunga kinakuja. Ndani yake kulikuwa na bibi mmoja aliyekataa kutoka nyumbani, na binti yake akimbembeleza mlangoni. Nilimgusa mama kwa kiwiko. Hakugeuka.

Filme ilipokwisha, watu walisimama nje juani kutoa hukumu, kama kawaida yetu. Mwendesha pikipiki mmoja alikuwa amekasirika kweli.

“Ule muti wa mungazi wameuonyesha mara tatu,” alisema, akimaanisha mchikichi uliokuwa ukipigwa na upepo. “Ni muti mumoja tu! Unainama, unasimama, unainama tena. Wanatuona wajinga?”

Mwalimu aliyekuwa amekaa nyuma yetu akasema yeye alitazama nywele za yule binti: nyumba zinaruka, nywele zimetulia. Mchimba dhahabu aliyerudi kutoka Salamabila akawatetea wenye filme. Alisema maji yalikuwa ya kweli, maana yeye ameshaona maji yakiingia shimoni na anajua watu wanavyokimbia. Nilitabasamu, nikingoja mama aseme kitu. Akasema.

“Miye niko na swali moja. Wale watu hawana mawe?”

Wote wakamgeukia.

“Juu ya zile nyumba sikuona hata jiwe moja. Paa haina jiwe, itakosa kuruka namna gani?”

Basi ikawa kama amefumbua fumbo la filme nzima. Mwalimu alikubali, mwendesha pikipiki alikubali, hata mwenye jenereta alitoka nje kuja kukubali. Kwetu mtu yeyote mwenye mabati ya zamani huweka mawe machache juu ya paa ili upepo usiyafunue, na hawa matajiri wote, na magari yao, hawakuwa na akili hiyo. Mama alirudi kijijini akiwa na furaha, na mimi nilibaki na hasira zangu.

Wiki mbili baadaye, mwendesha pikipiki yule yule aliniletea mihogo kutoka kwa mama. Akaniambia, kwa sifa, kwamba mama yangu ni mtu wa vitendo: amewaita vijana wa kwaya, wamebeba mawe kutoka mtoni, wamejaza paa lote.

 Niliacha nguo ya mteja kwenye cherehani, nikapanda nyuma ya pikipiki ile ile.

Paa lilikuwa limebonyea katikati, juu ya chumba anacholala. Mama alikuwa uani anachambua sombe, yale majani ya mihogo.

“Upepo ukuje sasa,” alisema.

“Mama, upepo hautabeba kitu. Hii paa itakuangukia weye. Miti imeoza!”

“Weye mama unapenda kelele.” Huniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. “Mawe imekaa siku ine na haiangukie mutu.”

Upande wa mashariki mbingu ilikuwa imeshakuwa nyeusi.  Niliegemeza ngazi ukutani, nikafunga kitenge katikati ya miguu.

“Mwanamuke hapande juu ya nyumba ya baba yake! Watu watasema nini?”

“Waseme.”

Nilitembea juu ya kuta tu, palipo imara, nikiyaangusha mawe upande wa nyuma moja moja. Mama alinisusa, akaingia ndani. Nilimaliza ya pembeni. Yale ya katikati hayakufikika kutoka ukutani, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba halibaki hata moja. Nikanyoosha mguu.

Mti ulivunjika bila kelele nyingi. Nilizama hadi kiunoni, mabati yakanichana paja, nikabaki nimeshikilia kwa viwiko, mguu mmoja ukining'inia juu ya kitanda cha mama. Na yeye alikuwa amekaa pale pale, kitandani.

Alilia. Sijawahi kusikia sauti ile kutoka kwake, hata siku tuliyomzika baba. Akasimama juu ya kitanda, akanishika kisigino kwa mikono miwili, akanisukuma juu kwa nguvu ambazo sikujua anazo, mpaka nikaifikia boriti ya ukutani.

“Shuka! Shuka, mama, shuka!”

“Bado mawe.”

“Acha mawe! Miye naenda kwako. Leo hii. Shuka tu, mutoto wangu.”

Nilishuka. Aliniosha paja kwa maji ya moto na chumvi huku akinitukana.  Nilikuwa nimehangaika mwaka mzima nikimtisha kwa kifo chake mwenyewe, na kumbe hicho hakikuwahi kumnyima usingizi hata siku moja. Alifunga mzigo wake haraka, akanipitishia mkono kiunoni, tukatoka kabla ya tone la kwanza.