Sahani Moja, Watu Wanne

Nakumbuka Jumamosi moja ya mvua, mwanangu, na kama kungekuwa na dawa ya kusahau ningeinunua hata kwa bei ya kuruka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimevaa aproni nyekundu na kofia ya karatasi, nikihudumu katika hoteli ya kuku na chipsi mjini Nakuru. Haikuwa hoteli ya mtu mmoja. Wenyewe walikuwa Nairobi, na walikuwa na nyingine kama hiyo katika kila mji mkubwa, viti vilevile, rangi ileile, hata sosi yenye ladha ileile. Siku hizo kijana aliyeonekana akitoka pale na mfuko wenye nembo alikuwa ametangaza kwamba maisha yamemkubali. Leo nyinyi vijana mnapita mbele ya hoteli za namna hiyo kama mnavyopita mbele ya benki, bila hata kugeuza shingo. Watu wenye suti wanaumiza vichwa kutafuta sababu. Mimi ninayo moja, na inaniuma, kwa hiyo nivumilie nikizunguka kidogo kabla ya kufika.

Kwetu ni Elburgon. Baba alisukuma magogo katika kiwanda cha mbao mpaka mgongo ukamkatalia. Mama alikuwa akipakua mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na mboga, kwenye sinia moja la bati, nasi watoto sita tukalizunguka. Kila mmoja alikuwa na upande wake, na ole wake aliyevuka mpaka. Aliyechelewa shambani alikuta upande wake haujaguswa. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyojifunza duniani, kabla ya zile amri kumi.

Hotelini sheria ilikuwa nyingine, na ilitundikwa ukutani nyuma ya kioo: kila kiti na sahani yake. Wenye mali walitaka meza zijae, ziachwe haraka, zijae tena, na watu wanaogawana sahani moja hukaa sana na kununua kidogo. Zaidi ya hiyo kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote, nayo ilikuwa kwamba kijana alipe kwanza ndipo ahudumiwe, ilhali mzee mwenye tai alikula kwanza. Tuliifuata bila kuuliza. Nitakwambia ukweli, niliifurahia. Mtoto wa msukuma magogo akipewa uwezo wa kumwambia mwingine simama, husahau upesi kwamba juzi alikuwa amechuchumaa.

Jumamosi hiyo kulikuwa na jambo. Meneja alikuwa amenidokezea kwamba Jumatatu angemchagua supavaiza, na kwamba macho yake yalikuwa kwangu na kwa msichana mwingine mmoja. Alisimama karibu na keshia akitutazama tunavyofanya kazi. Nami nilikuwa nikitembea kama niliyemeza fimbo.

Saa saba mchana akaingia ndugu yangu Kamau. Ndiye aliyenifuata kwa kuzaliwa, nilimbeba mgongoni nikiwa mdogo kiasi kwamba miguu yake iliburuzika chini. Alikuwa amepata barua ya kujiunga na chuo cha ualimu. Likizo nzima alikuwa Molo akipakia magunia ya viazi kwenye malori, katika ile baridi inayopasua midomo, ili siku akipata barua awalete rafiki zake kula mahali dada yake anapofanya kazi. Alikuja nao watatu. Alikuwa amevaa koti la baba, mikono imempita vidole, na viatu vimepigwa brashi mpaka matope ya Elburgon yakakana kwamba yaliwahi kuvijua. Wakakaa meza ya dirishani.

"Njeri, sasa," akaniambia, uso wote meno. "Tuletee kuku nusu na chipsi. Na uma nne."

Sasa elewa, mwanangu. Kwetu hapo hapakuwa na aibu yoyote. Aliye na jambo la kusherehekea hununua, na wenzake wananyoosha mikono. Nyama ikichomwa huwekwa juu ya ubao katikati ya watu, na sijamsikia mtu wa bonde hili akiuliza kila mmoja atakula vipande vingapi. Kamau hakuwa anabania. Alikuwa anafanya alivyofundishwa na mama, na mimi nilifundishwa kwenye sinia hilohilo.

Ningeweza kucheka. Ningeweza kuwaambia taratibu, au kuwafungia kile chakula wakalie nje. Lakini nilihisi macho ya meneja shingoni, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni kwamba pale kila mtu ana sahani yake, na asiyejiweza aende vibandani nyuma ya stendi. Kamau alidhani ni mzaha. Akaanza kutabasamu, akageuka kuwatazama rafiki zake nao watabasamu. Hapo meneja akasogea.

"Unawajua hawa?" akaniuliza.

"Hapana," nikasema. "Siwajui."

Jogoo hakuwika. Majogoo wetu wote walikuwa ndani ya mafuta.

Kamau aliinuka, na wenzake wakainuka. Kisha akafanya jambo ambalo afadhali angenitemea mate. Alirudisha viti vyote vinne chini ya meza, kimoja kimoja, polepole, kama mama alivyotufundisha tukiwa wageni kwa watu. Halafu wakatoka kwenye mvua.

Jikoni palikuwa na mpishi wetu, Mzee Koros, mtu wa maneno machache aliyekuwa amekaanga kuku tangu kabla yangu. Alikuwa ameona yote kupitia lile dirisha dogo la kupitishia sahani. Akaniuliza yule ni nani. Nikamwambia ni mwanafunzi tu. Akatikisa kichwa, akasema, "Huyo mwenye koti mna pua moja." Akashusha kapu la chipsi kutoka kwenye mafuta, akalitundika, ndipo akanigeukia.

"Msichana, mtu akinyimwa chakula, atakula kwingine na atasahau. Lakini ukimuaibisha mezani, hiyo anaenda nayo nyumbani, anapea watoto wake. Toa hiyo aproni, wafuate. Bado hawajafika stendi."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nawe unalijua hilo tangu darasa la pili, nami nililijua. Nilisimama pale nimeshika fundo la aproni mgongoni. Kisha kengele ya meza nyingine ikalia, nikaenda kuhudumu. Jumatatu nilifanywa supavaiza.

Nisikudanganye kwamba nililia usiku kucha. Nililala vizuri, kwenye godoro jipya. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huchukua muda wake kuzaliwa. Niliifanya kazi ile miaka mingi kiasi kwamba aproni zilibadilishwa rangi mara tatu. Nilikuwa hodari wa kuwaondoa vijana. Niliwajua wanaonunua soda moja wakakaa saa mbili, nikajua kusimama karibu yao na kitambaa, nikifuta meza ambayo haikuwa na uchafu. Hakuna aliyenifundisha hilo la kitambaa. Ni ubunifu wangu, na wasichana waliokuja baadaye waliniiga.

Kamau akawa mwalimu, akaoa, akajenga upande wa Molo. Hatukugombana hata siku moja. Nilipofanyiwa upasuaji yeye ndiye aliyekaa benchi la hospitali mpaka nikaamka. Lakini Krismasi tukikutana kwa mama, nikishika mwiko tu kupakua, utasikia Kamau ameenda kuangalia ng'ombe. Alikula kwa mikono ya dada zangu wote. Siku ya mazishi ya mama nilimpelekea chai mwenyewe, akaipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akaishikilia mpaka ikapoa, kisha akaiweka chini ya kiti. Watu hawakuona. Mimi niliona, na nilijua kwamba yeye pia hataki watu waone.

Basi mwaka jana akaja kijana kutoka ofisi kuu, amebeba kile kikompyuta cha kugusa kwa kidole, akituuliza sisi wakongwe kwa nini vijana wamepungua mezani. Alikuwa na majibu yake tayari. Vijana hawana pesa, akasema, na hilo ni kweli, maana bei zetu zilikuwa zimepanda mpaka zikatusahau. Wanaagiza kwa simu na bodaboda anawapelekea, na hilo nalo ni kweli. Nyinyi si malaika, mnapiga chakula picha mpaka kinapoa, kisha mnakila mmelala kitandani kama wagonjwa. Nikamwitikia ndiyo, ndiyo. Akaandika, akaenda zake, nasi tukaletewa taa mpya za rangi rangi.

Sikumwambia kuhusu Wanjiku, binti ya Kamau, aliyepewa jina la mama yetu. Anasoma hapa Nakuru. Juma lilelile nilimkuta kwenye kibanda nyuma ya stendi, yeye na wenzake watano kwenye benchi moja, katikati yao sinia la chapati na maharagwe, kila mtu anamega upande wake. Walikuwa wanacheka mpaka mwenye kibanda naye anacheka. Nikamvuta kando, nikamwambia awalete wenzake kwetu, nitawalipia mimi. Akanishika mkono kwa adabu.

"Tata, asante," akasema, maana shangazi kwetu huitwa hivyo. "Lakini kule mnatuangalia sana. Ukikaa kidogo mtu anakuja kupanguza meza. Hapa ata ukiwa na chapo moja unaulizwa umeshiba. Na pia Daddy alituambia kule si mahali pa watu."

Alisema kwa upole kabisa, hakujua kwamba anayemwambia ndiye mwenye kitambaa. Nilirudi kazini nikihesabu kimoyomoyo, nikashindwa. Kamau mmoja ni ndugu yangu. Je, wale wengine? Wale niliowafuta na kitambaa changu sasa ni baba na mama wa watu, na kila mmoja ana watoto, na hakuna taa ya rangi inayoweza kuwaita watoto wa mtu aliyefukuzwa. Tuliwafunza wenyewe kutotuhitaji, halafu tukawaita wajeuri walipohitimu.

Mwezi uliopita tawi letu lilifungwa. Tulipewa barua, tukapeana mikono, basi. Jumapili iliyofuata nilichinja jogoo wangu, nikaenda Molo kwa Kamau. Nikamwomba mkewe aniachie jiko. Nilipika kwa makini kuliko nilivyowahi kupikia wenye tai. Nikaweka yote kwenye sinia moja, uma mbili, nikaliweka katikati yetu sebuleni, nikakaa chini. Nikamwambia neno nililopaswa kumwambia stendi, tukiwa vijana, mvua ikinyesha.

"Kamau, siku ile nilikujua."

"Najua ulinijua," akasema. "Ndiyo maana."

Kisha akasema kwamba alinisamehe kitambo, mwaka uleule, chuoni, kwa magoti. Nikaona kwamba anasema kweli, maana Kamau hajui kudanganya. Akachukua uma. Akachoma kipande, akakipeleka mdomoni, akatafuna, akatafuna. Alijaribu, mwanangu. Mishipa ya shingo ilimsimama kwa kujaribu. Mwishowe akatoa leso, akakitemea kile kipande humo taratibu, akafuta macho.

"Nisamehe, Njeri," akaniambia. "Mimi nimekubali. Ni koo inakataa."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha. Wajukuu zake wakaitwa, wakalizunguka sinia, wakalimaliza mpaka wakalamba mchuzi. Sisi wawili tukaketi tukiwatazama, wazee wenye njaa, na kuku akiisha mbele yetu.

Basi sikia nasaha yangu, na usiipambe. Siku moja nawe utavalishwa sare, ya hoteli au ya ofisi au ya kanisa, na utapewa sheria iliyoandikwa na mtu aliye mbali asiyewajua watu wako. Kazi ifanye, kazi ni uhai. Lakini sheria ikikuambia umfanye mtu aone aibu kwa kuwa ana kidogo na anataka kukigawa, hiyo usiitekeleze kwa ulimi wako. Mwambie kando. Mwambie kwa upole. Ukishindwa, vua aproni umfuate kabla hajafika stendi, kwa sababu maji yakimwagika hayazoleki, na cheo kina mwisho wake, changu kimeishia kwenye barua ya kurasa mbili. Usimkane mtu uliyeshiriki naye sinia, hata ukitazamwa na nani. Na nyinyi mnaomegeana chapati kwenye benchi moja, endeleeni, wala msimsikilize anayewaambia ni ushamba. Ila akija kijana mwingine akasimama kando kwa haya, msogezeeni.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akupe chakula, na akupe watu wa kukizunguka, na siku utakapoulizwa kama unawajua, akufungue kinywa useme ndiyo.