Ngozi ya Babu ya Kuswalia

Juzi, katika duka moja la Nyeri, nilipindua zulia la ngozi ya kondoo nikakuta kikaratasi: lisioshwe kwa maji moto. Nikaliachia kama lililoniunguza, mwanamke mzima mwenye wajukuu.

Mchana mmoja, nilipokuwa mtoto, Babu alikuwa amemaliza kushona ukingo uliochanika wa ngozi yake ya kuswalia. Nyumba yetu ya Majengo ilinuka nta na sufu. "Pangusa vumbi na burashi tu," aliniambia akitoka. Mimi nikaimwagia uji.

Kwa hofu nilichukua birika lililokuwa likichemka, nikaimiminia maji yote. Harufu ya kondoo ikajaa chumbani. Kisha ngozi ikaanza kujikunja polepole, ikivuta miguu ndani. Leo najua joto hufanya hivyo. Siku ile niliamini kondoo bado yumo, na kwamba nimemchoma. Nilijibanza nyuma ya mlango nikingoja alie.

Adhana ya alasiri ikasikika. Babu akaingia, akaitazama ngozi, imebaki nusu. Mkanda wake ulining'inia msumarini, juu ya kichwa changu.

"Ni wewe, Zainabu?"

"Ni mimi, Babu. Amekasirika."

"Nani?"

"Kondoo."

Aliinama akaigusa ngozi. "Enda utawadhe."

Niliporudi alikuwa ameitandika nyuma yake. Ilinitosha kabisa. Niliikanyaga, ikiwa bado vuguvugu kama kitu kilicho hai, nikabana pumzi. Kondoo hakulia. Nilichosikia ni magoti ya Babu, yakigonga saruji.