Baridi Ile Gari la Salum Lilipolala Nje

Mwaka jana mjukuu wangu Nasra alinichukua Riyadh nikapumzike kwake. Asubuhi moja tukawa tunapita mtaa wa Murabba kwenda kununua mkate, nikaliona gari limefunikwa turubai mpaka chini, limefungwa kamba tumboni, na vumbi limekaa juu yake kama unga. Nikamwambia Nasra, hebu simama kidogo. Akadhani nimeshikwa na kizunguzungu. Sikuwa na kizunguzungu, mwenzangu. Nilitaka tu kuinua ncha ya lile turubai nione ndani kuna nani.

Shule sikukaa sana, lakini watu niliokaa nao nawakumbuka mmoja mmoja kwa majina yao, na baridi ile naikumbuka kama ya juzi.

Sisi ni watu wa Unguja tuliohamia Jeddah baada ya mapinduzi. Nililetwa mtoto, nikakulia Kandara, karibu na kituo cha zamani cha mabasi. Nyumba yetu ilikuwa ndogo na watu wengi, kwa hiyo watoto tulilala juu ya sakafu ya paa, tunasikia wapiga debe wa mabasi wakiita abiria wa Makka na Taif mpaka usingizi unatuchukua. Baridi hatukuijua. Baridi yetu sisi ilikuwa kujifunika shuka moja badala ya kulala bila shuka. Mama akitukaangia mandazi wakati ule wa upepo wa bahari, akatutilia iliki nyingi, tunajiona na sisi tuko kwenye msimu wa baridi kama watu wengine.

Huko Kandara ndiko Salum aliponioa. Maisha yake yote alikuwa dereva, akibeba abiria kutoka Bani Malik, tulikohamia baadaye, kwenda mjini na kurudi. Alipoacha kazi akajinunulia gari lake mwenyewe, jeupe, la milango minne, lililokwisha tumiwa na mtu mwingine. Akaniambia abiria wake sasa ni mimi peke yangu.

Halafu kifua kikamshika. Mwanetu Hamad alikuwa na kazi ofisini Riyadh, akasema huko kuna madaktari wazuri, mleteni baba kwa ndege. Salum akakataa. Alisema hajawahi kuingia mji kama mzigo na haanzi sasa. Akaendesha mwenyewe jangwa lote lile, anakohoa, anasimama kwenye vituo vya mafuta kunywa chai, anaendelea. Tulifika Murabba baridi ndiyo kwanza inaingia. Kabla wiki haijaisha alikuwa amelazwa, na gari limebaki nje ya nyumba ya Hamad, kando ya ukuta wa kiwanja kitupu. Nyumba za ghorofa za pale hazikuwa na pa kuweka gari. Hakuna banda wala kivuli, ni juu mbingu na chini vumbi.

Hapo ndipo nilipojua kumbe gari nalo linauguzwa. Pale kitandani, na mpira wa hewa puani, Salum alinifundisha. Liwekewe matofali kwenye magurudumu, breki ya mkono ilegezwe, maana ikikaa imevutwa msimu mzima inaganda. Vipangusio vya kioo vinyanyuliwe vifungwe vitambaa. Turubai lifungwe kwa kamba ipite chini ya tumbo, upepo wa Riyadh usilibebe. Vumbi likung'utwe, lisifutwe kavu, litakwaruza rangi. Na kila baada ya siku kadhaa lisukumwe kidogo mbele au nyuma, tairi lisikalie shavu moja. Aliyasema haya yote kwa upole, kama baba anayeacha mtoto kwa jirani.

Kila nikienda kumtazama baada ya alasiri, salamu yake ilikuwa moja.

"Limewaka?"

Nami namwambia limewaka, na yeye anafumba macho, uso unalegea. Alikuwa na nia moja tu, kwamba baridi ikiisha atarudi Jeddah akiliendesha lile gari yeye mwenyewe. Hamad alishanivuta pembeni kwenye ujia wa hospitali akaninong'oneza maneno ya madaktari. Baba hataendesha tena. Niliona kwamba mgonjwa wangu amebaki na kamba moja ya kushikilia, na kamba hiyo iko nje imefunikwa turubai.

Sasa nani wa kulisukuma? Hamad anatoka alfajiri anarudi usiku. Mkewe Rahma ni mwalimu, akirudi amechoka. Miaka ile mwanamke hakuruhusiwa kuendesha nchini, achilia mbali bibi kizee. Tulibaki mimi na Wairimu.

Wairimu alikuwa msichana wa Kenya aliyekuja kufanya kazi kwa Hamad. Ilikuwa miaka ile wasichana wa Kenya walipokuwa wanaletwa kwa wingi, karibu kila nyumba ya kichochoro kile ilikuwa na mmoja, ukipanda kuanika nguo unasikia Kiswahili kinaruka kutoka paa hadi paa. Yeye alijua anakuja kwa Waarabu tu. Siku aliyofika alinikuta jikoni naligombeza birika kwa Kiswahili, akakaa chini sakafuni akacheka mpaka machozi, na yale machozi hayakukoma kicheko kilipokoma. Alikuwa na binti mdogo amemwacha kwa mama yake Nyahururu. Rahma alikuwa madam, Hamad alikuwa bosi, na mimi akaniita shosho, kama wanavyoita bibi zao.

Basi tunatoka asubuhi mimi na Wairimu na mabuibui yetu, tunakung'uta turubai, tunaondoa matofali, tunaegemeza mikono kwenye buti tunasukuma. Mimi nilikuwa natetemeka meno yanagongana. Yeye ananicheka.

"Shosho, hii unaita baridi? Kwetu Nyahururu hata ng'ombe hangevaa sweta."

"Sukuma, wewe. Ng'ombe wenu hawana mume hospitali."

Mwenye duka mkabala, Myemeni anaitwa Abdo, alikuwa anatoka na kikombe chake cha maziwa ya tangawizi anasimama kutazama wanawake wawili weusi wanasukuma gari shibri moja, halafu wanarudishia matofali kama waliosafiri safari kubwa. Siku za mwanzo alitucheka. Baadaye akawa anaweka kikombe chini anakuja kusukuma na sisi, na akimaliza anatuletea maziwa na sisi, ya moto, tangawizi inachoma koo, tunakunywa tumeegemea ukuta wakati jua linapanda.

Ufunguo nilikuwa nao mimi. Tukishasukuma, Wairimu anaingia anawasha, tunasikiliza kidogo, anazima. Na alasiri, nikienda hospitali, nilikuwa namwachia ule ufunguo akakae ndani ya gari azungumze na binti yake kwa simu. Ndani ya nyumba hakuwa na pembe ya kulilia mtu asimwone. Ndani ya gari la Salum, turubai limeshushwa, alikuwa Nyahururu.

Kuwasha tuliwasha kila siku. Kosa lilikuwa hapo, na nani angetuambia? Salum anauliza kila siku, na mimi sikutaka kumpa jibu la jana. Nilitaka nikisema limewaka, liwe limewaka leo. Kwa hiyo tunaliamsha kila asubuhi, linakohoa, linashika, tunafurahi, tunalizima tukapike.

Asubuhi moja, baada ya usiku wa baridi kali, Wairimu akazungusha ufunguo pasitoke kitu. Akazungusha tena. Likalia tik, basi. Alinitazama kupitia kioo na macho makubwa, kama mtu aliyekuta mgonjwa hapumui. Hospitali siku hiyo sikwenda.

Hamad aliposikia jioni, hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema afadhali. Kumbe alishapata mtu wa kulinunua, mwenzake wa kazini aitwaye Fahad, na alikuwa hajui atuambieje. Baraza la mji lilikuwa linabandika ilani kwenye magari yaliyolala na kuingia vumbi, yakikaa yanavutwa. Gari likiuzwa leo, alisema, litasaidia mambo ya hospitali.

"Halas, mama, yamekwisha. Gari lishakufa. Na baba mwenyewe unajua."

Rahma alikuwa anapanga vikombe, akaviacha. Nilikuwa nimekaa chini na bakuli la mchele naupeta, nikaliweka bakuli pembeni.

"Hamad, baba yako yuko hai. Usiuze kitu cha mtu aliye hai."

Akasema tutamwambiaje basi. Nikamwambia mimi ndiye ninayeulizwa, mimi ndiye nitakayejibu.

Kesho yake nilikwenda hospitali. Nilijipangia uwongo njia nzima. Nikamkuta amegeuziwa upande wa dirisha na nesi wa Kihindi aitwaye Lisi, aliyezoea kumnyoa ndevu kwa mkono mwepesi. Akaniuliza kabla sijakaa.

"Limewaka?"

Uwongo wote ukanikimbia. "Leo halikuwaka, Salum. Limetoa tik likanyamaza."

Nikaanza kujuta. Halafu akauliza, polepole, mnaliwasha mara ngapi? Nikamwambia kila siku. Kwa muda gani? Nikamwambia mpaka tusikie limeshika, tunazima.

Mwenzangu, akacheka. Tangu alipolazwa sikuwa nimemsikia akicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata na Lisi akaja mbio.

"Masikini gari langu," akasema alipopata pumzi. "Mnaliamsha halafu mnaliambia lilale. Betri linatoa tu halipewi. Liwasheni Ijumaa kwa Ijumaa, lakini mliache lingurume, mpaka ukiweka mkono juu ya boneti usikie joto kama la chapati iliyoepuliwa."

Akaniagiza nimwite mtu mwenye gari zima, aunganishe waya betri kwa betri. Akanielekeza upi wa kwanza na upi wa mwisho, akanirudisha nirudie mpaka nikaukariri kama sura ya Kurani. Rangi ilimrudi usoni siku ile. Alikuwa na kazi.

Abdo alileta gari lake la kubebea bidhaa, akaunganisha waya vile nilivyomwelekeza. Wairimu akazungusha ufunguo. Lilipokamata, wasichana wa Kenya waliokuwa wanaanika nguo juu ya paa wakapiga vigelegele, na Hamad, aliyekuwa amesimama mlangoni na mikono mfukoni, akaitoa mikono. Ijumaa zilizofuata alikuja kusukuma yeye mwenyewe, kanzu ameikunja kiunoni, na Fahad hakutajwa tena.

Baridi ikaisha. Madaktari wakatuambia tumchukue nyumbani, na walivyolisema neno hilo nyumbani, kila mmoja wetu alielewa. Salum naye alielewa. Alitoka amekonda, koti la Hamad linamning'inia, akasema twendeni Jeddah kesho.

Asubuhi ile tulikuwa tumelivua turubai na kuliosha gari kwa maji mengi, linang'aa. Salum alilizunguka lote, anapapasa, anainama kwenye matairi. Akatwambia tumelitunza. Akafungua mlango wa dereva akakaa. Hamad alitaka kusema neno, nikamshika mkono. Salum akawasha, akasikiliza, akaondoa gari ukutani, taratibu, mpaka mwisho wa kichochoro, pale kinapokutana na barabara kubwa. Hapo akasimama. Tulimwona ameshika usukani mikono miwili. Magari yanapita mbele yake na nafasi inapatikana, na haingii.

Halafu akafungua mlango, akashuka, akatembea mbele ya gari ameegemea boneti kwa kiganja, akaja upande wa abiria. Akamnyooshea Hamad mkono, kama anamkabidhi usukani kutoka mbali.

Kiti kile cha mbele kilikuwa changu tangu siku alipolinunua. Nikakaa nyuma. Wairimu, aliyekuwa amebaki karibu na ukuta, pale palipobaki pakavu gari lilipolala, akaja mbio akanishika mkono dirishani. Aliniambia, "Shosho, sasa nitaongelea wapi na mtoto?"

Salum alifika Jeddah ndani ya gari lake. Alikaa nasi Bani Malik kitambo kidogo, Ramadhani haikumkuta. Gari nililiuza mwenyewe baada ya eda. Wairimu alimaliza mkataba akarudi kwao, binti yake alikuwa amerefuka hata hakumjua mara moja, ndivyo alivyonisimulia kwa simu. Abdo sijui aliishia wapi. Kiwanja kile kimejengwa, ukuta haupo, na Nasra wangu anaendesha gari lake mwenyewe katikati ya Riyadh huku akinung'unikia foleni, hajui kwamba bibi yake aliwahi kuruhusiwa shibri moja tu kwa mbele na shibri moja kwa nyuma.

Katika safari zetu zote nilizoea kumwona Salum kwa ubavu, pua yake na sharubu zake, mimi pembeni namenya machungwa namlisha. Siku ile ya kurudi nilikaa nyuma yake jangwa zima. Alikuwa anamtajia Hamad vituo kabla hatujavifika, kituo baada ya kituo, mpaka sauti ikapungua akasinzia. Nikawa nakitazama kisogo chake, mvi zake, shingo ilivyokuwa nyembamba kwenye kola ya koti, nikagundua kwamba baada ya miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kukitazama. Siku hizi uso wake unanitoka kidogo kidogo, mpaka nichukue picha. Kisogo hakina picha, na ndicho nilichobaki nacho kizima.