Kidole cha Mama Foronya

Kidole gumba cha Mama Foronya hakina alama hata ya dawa. Zote ziliishia kwenye sabuni na magadi, miaka thelathini na moja ya kufua mashuka ya hospitali. Jina lenyewe walimpa wenzake, kwa jinsi alivyokuwa akiwaka foronya moja tu ikipotea. Tangu astaafu, kila miezi sita huenda ofisi ya pensheni kuweka kidole kwenye mashine, ithibitike kuwa bado yu hai. Mashine hiyo haijawahi kumkubali mara moja. Karani humshika kidole, akakibonyeza na kukigeuza huku na huku, mpaka taa ya kijani iwake.

Mwaka wa maradhi, karani hakumshika mtu. Alikaa nyuma ya kioo, barakoa mpaka chini ya macho, na mlangoni mlinzi alisimamia ndoo ya maji ya dawa: hunawi, huingii. Maji yale yalizidi kumkausha vidole. Mara tatu alikwenda, mara tatu mashine ikamkana.

"Bibi, haikutambui," karani alisema. "Ikifika Ijumaa bado, malipo yatasimama."

Yasimame, wale nini? Mumewe, fundi baiskeli, alikuwa amefungiwa banda kwa amri ya serikali. Mtoto wao, mpishi wa hoteli, naye alikuwa amekaa kwake hana mbele wala nyuma. Dawa za presha za mzee zilibaki sita. Mama Foronya alizikata nusu kwa kisu cha mkate, akamwambia kiwanda siku hizi kinatengeneza ndogo. Mzee hakuwa mjinga. Alimeza ile nusu, akamrudishia mkewe kikombe.

"Usiende tena, mama," mzee alimwambia. "Ugonjwa huu unapenda wazee."

"Mimi nimefua mashuka ya kipindupindu, mzee. Nije kushindwa na foleni?"

Maji ameshayavulia nguo, sharti ayaoge. Siku mbili mfululizo alikipaka kidole mafuta ya mgando na kukifunga mfuko wa nailoni, kama walivyofanya kule kwenye ufuaji ngozi ilipopasuka. Mzee akacheka: "Unakipika?"

Ijumaa akanawa mlangoni bila kuruka hata kidole, maana maradhi anayajua. Hata akamfundisha mlinzi kusugua katikati ya vidole. Kisha akakaa kwenye benchi na kikopo chake cha mafuta, akapaka, akasugua, akafuta kwa gauni, mpaka zamu yake ikafika.

Taa nyekundu. Tena nyekundu. Nyuma yake watu wakaanza kuguna.

"Bibi, mpishe mwenzako," karani alisema.

"Sipishi."

Akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akakibonyeza kidole chake mwenyewe, akakigeuza huku na huku kama karani alivyozoea. Taa ikawaka kijani.

"Uko hai, Bibi."

"Mimi nilijua tangu asubuhi, mwanangu. Nilikuja kukuambia wewe."

Pesa zilipoingia, alipita duka la dawa kwanza. Nyumbani akamwekea mzee kidonge kizima kiganjani. Mzee akakitazama sana.

"Kiwanda kimerudia vikubwa?"

"Kimerudia."

Akakiosha kile kisu, akakata mkate.